Sir William Jones na Chama cha Asia: Mgeni Kitini, Mwenyeji Mlangoni

Jina la Sir William Jones si geni kwa mwanafunzi wa isimu. Kila inapojadiliwa historia ya isimu linganishi, hutajwa hotuba aliyoitoa mjini Calcutta tarehe 2 Februari 1786, ambamo alieleza kwamba mfanano wa Kisanskriti, Kiyunani na Kilatini hauwezi kuwa sadfa, na kwamba huenda lugha hizo zilichipuka katika shina moja lisilokuwepo tena. Aghalabu husahauliwa kwamba hotuba hiyo ilitolewa katika mkutano wa chama cha kitaaluma ambacho Jones mwenyewe alikiasisi. Maisha yake hayawezi kueleweka vyema bila kukitazama chama hicho: nani alikaribishwa ndani na nani aliachwa nje.

Jones alizaliwa London tarehe 28 Septemba 1746. Babake, aliyeitwa pia William Jones, alikuwa mwanahisabati mashuhuri na ndiye aliyeanza kuitumia herufi ya Kiyunani pai kuwakilisha uwiano wa mzingo na kipenyo cha duara. Alifariki mwanawe akiwa hajatimiza miaka mitatu, na malezi yakabaki mikononi mwa mama. Kijana alisoma katika shule ya Harrow, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1764. Huko alimleta Msiria kutoka Aleppo, aliyeitwa Mirza, ili amfundishe Kiarabu. Tangu mapema, basi, Jones alitambua kwamba lugha ya watu haitoshelezwi na vitabu pekee. Sharti ipokewe kutoka kinywani mwa wenyewe.

Haikuchukua muda sifa zake kuenea. Mwaka 1770 alichapisha tafsiri ya Kifaransa ya historia ya Nadir Shah, kazi aliyoifanya kwa ombi la mfalme wa Denmark, na mwaka uliofuata akatoa sarufi ya Kiajemi. Hata hivyo, lugha hazikumpa riziki ya kutosha. Aligeukia sheria, na mwaka 1774 akaidhinishwa kuwa wakili. Hatimaye, mwaka 1783, aliteuliwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Bengal, akapewa hadhi ya Sir, akamwoa Anna Maria Shipley na kuabiri meli kuelekea Bara Hindi.

Safari hiyo ilimpitisha katika Bahari ya Hindi ya Waswahili. Meli yao ilitia nanga katika kisiwa cha Nzwani, miongoni mwa Visiwa vya Ngazija, ambako lugha ya wenyeji ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Jones alizungumza kwa Kiarabu na wakubwa wa mahali hapo, na baadaye akaandika makala kuhusu kisiwa hicho, ambayo ilichapishwa katika jarida la chama chake.

Jones aliwasili Calcutta mwezi Septemba 1783. Kabla ya miezi minne kwisha, tarehe 15 Januari 1784, Wazungu wapatao 30 walikutana katika chumba cha Mahakama Kuu wakaunda Chama cha Asia. Gavana Mkuu Warren Hastings aliombwa awe rais lakini akakataa, na wadhifa huo ukamwangukia Jones, akaushikilia hadi kufa kwake. Uwanja wa utafiti ulikuwa mpana ajabu: chochote kilichotendwa na binadamu au kuzalishwa na maumbile ndani ya mipaka ya Asia. Mwaka 1788 lilitoka juzuu la kwanza la jarida la chama.

Jones hakupenda kukirundikia chama kanuni. Alipendekeza kwamba wanachama wapya wachaguliwe kwa kura ya siri, na kwamba mapenzi ya elimu yawe sifa pekee inayohitajika. Ajabu ni kuwa katika hotuba iyo hiyo aliligusa suala la kuwasajili wenyeji wasomi, kisha akaliacha liamuliwe baadaye. Suala hilo lilisubiri miaka 45.

Wakati huohuo, kazi ya Jones iliendelea kuwategemea wenyeji hao. Mahakama iliwahukumu Wahindu na Waislamu kwa sheria zao katika mambo ya ndoa na mirathi, na jaji wa kigeni alilazimika kuzipata kwa mapandita na maulamaa. Jones hakuridhika kuhukumu kwa kutegemea tafsiri ya mwingine. Mwaka 1785 aliazimia kujifunza Kisanskriti. Mabrahmani walikataa kumfundisha, ndipo akampata Ramlochan, msomi wa tabaka la waganga aliyeimudu sarufi barabara. Miezi michache baadaye ndipo alipotoa ile hotuba iliyompa umaarufu. Ni kweli kwamba hakuwa wa kwanza kuuona mfanano huo, na kwamba alikosea kwa kuwaunganisha hata Wamisri na Wachina na asili hiyo moja. Lakini chama kilikuwa na jarida, na jarida liliifikisha hoja yake Ulaya, ambako wengine waliichukua na kuijengea mbinu. Mbinu hizo za ulinganishi ndizo zilizomwezesha Wilhelm Bleek, katika karne ya 19, kuzikusanya lugha za Kibantu, Kiswahili kikiwamo, chini ya jina moja.

Jarida lenyewe halikuwafungia wenyeji mlango kabisa. Juzuu la kwanza lilikuwa na makala ya Ali Ibrahim Khan, hakimu wa Benares. Kalamu yake ilipata nafasi katika jarida, ilhali mwenye kalamu hakuwa na kiti chamani.

Jones alitafsiri tamthilia ya Kalidasa kuhusu Shakuntala mwaka 1789 na sheria za Manu mwaka 1794. Tarehe 27 Aprili mwaka huo aliaga dunia mjini Calcutta, akiwa na umri wa miaka 47, kabla ya kuukamilisha mkusanyiko wa sheria za Kihindu alioushughulikia pamoja na mapandita. H. T. Colebrooke ndiye aliyeimaliza tafsiri yake.

Wahindi wa kwanza walikubaliwa kuwa wanachama mwaka 1829. Mwaka 1885, miaka 101 tangu kuasisiwa kwa chama, Rajendralal Mitra akawa Mhindi wa kwanza kukiongoza. Chama hicho kingalipo hadi leo mjini Kolkata.

Kisa hiki kina mwangwi wake Afrika Mashariki. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili ilianza kazi bila Mwafrika hata mmoja miongoni mwa wajumbe wake, ingawa lugha iliyosanifishwa ilikuwa ya Waafrika. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Jones alikuja, na elimu ikanufaika kwa kuja kwake. Lakini aliyemfundisha sarufi hakuwahi kuketi katika kikao cha chama kilichojengewa sifa na sarufi hiyo. Kila chama cha taaluma kina wajibu wa kujiuliza, kabla ya kuorodhesha machapisho yake, akina Ramlochan wake wameketi wapi.