Alexander Hamilton na Madeni ya Majimbo

Mwaka aliozaliwa Alexander Hamilton una utata. Wapo wasemao 1755 na wapo washikiliao 1757. Alizaliwa nje ya ndoa katika kisiwa cha Nevis, bahari ya Karibi. Baba aliitelekeza familia, na mnamo 1768 mama akafariki. Yatima huyo akawa karani katika duka la wafanyabiashara kisiwani St. Croix, na huko ndiko alikozijua hesabu na tabia za deni.

Vita vya uhuru wa Marekani vilimkuta New York. Alipigana, akawa msaidizi wa Jenerali George Washington, ambaye mnamo Septemba 1789, akiwa Rais, alimteua Waziri wa Fedha wa kwanza. Hazina ilikuwa tupu. Serikali kuu ilidaiwa takriban dola milioni 54, nayo majimbo, kwa makadirio yake, milioni 25, hasa kwa sababu ya vita.

Januari 1790 Hamilton alipendekeza serikali kuu iyabebe madeni ya majimbo. Waama hesabu hizo zilificha siasa: mdai hapendi mdaiwa wake afe. Matajiri wakiidai serikali kuu, watataka iishi na iwe na kodi za kutosha. Massachusetts na South Carolina, zilizolemewa, ziliafiki. Virginia, iliyokuwa imekwisha kulipa sehemu kubwa ya deni lake, iliuliza kwa nini itozwe tena kwa ajili ya wengine. Hilo lilikuwa swali la haki, wala Hamilton hakulijibu barabara.

Aprili Baraza la Wawakilishi lilimkatalia. Juni, Thomas Jefferson akamkaribisha mezani pamoja na James Madison wa Virginia. Wakapatana: Madison alegeze upinzani, na mji mkuu ujengwe kando ya mto Potomac, jirani na Virginia. Agosti sheria ikapita. Madeni ya hadi dola milioni 21.5 yakahamia serikali kuu.

Lakini deni hulipwa kwa kodi. Ushuru wa pombe wa 1791 uliwaghadhibisha wakulima wa magharibi mwa Pennsylvania, ambao nafaka yao ilifika sokoni ikiwa wiski. Walipoasi mwaka 1794, askari wapatao 13,000 walitumwa, Hamilton akiwamo.

Alijiuzulu Januari 1795. Tarehe 11 Julai 1804 Aaron Burr, Makamu wa Rais, alimpiga risasi katika pambano la bastola huko Weehawken, New Jersey, akafa kesho yake. Alimwachia mkewe, Elizabeth, watoto saba na madeni ya nyumba. Marafiki ndio waliochanga kuyalipa.