John Hunter, mtu aliyefundisha mashini kuchora hesabu

Tarehe 28 Agosti 2012, John Hunter alifariki dunia kule Marekani akiwa na umri wa miaka 44. Aliacha mke na mabinti watatu. Aliacha pia programu ya kompyuta inaitwa matplotlib, ambayo kazi yake ni kuchukua namba nyingi na kuzigeuza mchoro mtu anaoweza kuusoma kwa macho. Ni programu ya wazi: kila mtu anaruhusiwa kuichukua bure, kusoma namna ilivyoandikwa, kuitengeneza na kuigawia wengine.

Hunter alizaliwa mwaka wa 1968 na alikomalia Dyersburg, katika jimbo la Tennessee. Alisoma Chuo Kikuu cha Princeton, kisha akaenda Chicago kusomea mambo ya ubongo na mishipa ya fahamu. Huko alipata udaktari wa masomo mwaka wa 2004.

Ufunguo mmoja, watu wengi

Kazi yake ilihusu wagonjwa wa kifafa. Mbele ya upasuaji, madaktari walihitaji kuona umeme wa ubongo unavyopanda na kushuka, ili wajue shida inaanzia wapi. Lakini ile programu ya kulipia waliyokuwa nayo mu laboratware ilikuwa na ruhusa moja tu. Kulikuwa kifaa kidogo cha kuchomeka ku kompyuta, kama ufunguo, na watafiti na wanafunzi wote walikipokezana. Mmoja akifanya kazi, wengine wanangoja.

Hunter akajaribu njia ingine ya kulipia, nayo ikashindwa kubeba picha na rekodi za wagonjwa zilizotawanyika ku mashini mbalimbali. Njo akageukia Python, lugha ya kompyuta iliyo bure. Mwaka wa 2002 aliandika nyongeza ya kuchora kwa ajili ya IPython, programu ya Fernando Pérez. Pérez alikuwa anamaliza masomo yake, hakuwa na wakati wa kuipima. Hunter hakukasirika. Akaamua kujenga ya kwake, na mwaka wa 2003 matplotlib ikatoka. Taasisi ya Marekani inayosimamia darubini ya anga ya Hubble iliichagua na kusaidia kuiendeleza.

Unatengeneza hapa, kunaharibika pale

Hapo njo shida kubwa ilipoanza. Mwanzoni programu ilijengwa kwa ajili ya madirisha ya aina moja tu, yaliyotumika zaidi ku Linux. Lakini watu walioipenda walikuwa pia na Windows na Mac. Kila mfumo una namna yake ya kufungua dirisha, ya kusikia kidole ku kibodi, ya kufuata kipanya. Hunter na wenzake wakatenga sehemu mbili: ile inayofikiri mchoro uwe namna gani, na ile inayouweka ku kioo au ku karatasi. Hivyo mfumo mpya ukija, wanaandika sehemu ya pili tu, ile ya kwanza haiguswi.

Hata hivyo makosa hayakuisha. Kwa miaka mingi hawakuwa na majaribio mengi ya kujiendesha yenyewe. Mtu akileta kosa kubwa, wanaandika programu ndogo ya kulirudisha lile kosa, wanaiweka pamoja na zingine. Kumbe haitoshi. Unarekebisha mstari mmoja leo, kesho kitu kilichokuwa kizima tangu zamani kinaharibika, na hakuna anayejua mpaka mtumiaji alalamike.

Dawa waliyopata ni rahisi kueleza. Walihifadhi michoro iliyokubalika kuwa sawa. Kila mara programu inapobadilishwa, kompyuta inachora upya na kulinganisha na ile ya zamani, nukta kwa nukta. Zikitofautiana, inatoa picha ya tatu inayoonyesha tofauti iko wapi.

Lakini hata hapo kulikuwa mtego. Programu inayochora herufi si toleo moja ku mashini zote, na herufi ileile inaweza kuwa na kivuli tofauti kidogo sana. Jicho halioni, kompyuta inaona, na inasema kuna kosa. Ikabidi waweke kipimo cha kuvumilia: tofauti ndogo ipite, kubwa ikamatwe. Kipimo kikilegea sana, makosa ya kweli yanapita. Kikikaza sana, watu wanapoteza siku wakitafuta kosa lisilokuwepo.

Mwezi mmoja

Tangu mwaka wa 2005 Hunter alikuwa na kazi ya kuchambua hesabu za masoko ya fedha huko Chicago, na aliendelea na matplotlib. Mwezi wa 7 mwaka wa 2012 alitoa hotuba mbele ya wanasayansi wanaotumia Python. Muda mfupi baada ya kurudi nyumbani, waganga walimkuta na kansa ya utumbo mpana. Matatizo ya matibabu yakamwondoa kabla mwezi wa 8 haujaisha.

Rafiki zake walifungua mfuko wa kusomesha wale mabinti watatu. Michael Droettboom, aliyeandika naye juu ya namna programu ilivyojengwa, akashika usukani. Mwaka wa 2019 watafiti waliotoa picha ya kwanza ya shimo jeusi la anga walitumia matplotlib pia. Na mpaka leo, mtu akibadilisha kitu ndani yake, michoro inachorwa upya na kulinganishwa mbele ya kupokelewa.