Daktari aliyeuliza jina la ugonjwa

Kila mwaka, ninapofundisha somo la maneno ya mkopo, huandika ubaoni neno kwashakoo na kuwauliza wanafunzi wangu asili yake. Wengi hulidhania la Kilatini, kwa kuwa walikutana nalo kwanza katika kitabu cha sayansi. Ni wachache mno wanaokisia kwamba ni neno la Kiafrika, tena la Kiga, lugha ya wenyeji wa Accra. Aliyeliingiza katika maandishi ya tiba ni Cicely Williams, na maisha ya mama huyo yana funzo kubwa kwetu sisi tulio katika kazi ya kufundisha na kujifunza.

Alizaliwa Jamaica mwaka wa 1893, akapelekwa Uingereza kusoma angali mtoto, na hatimaye akafuzu udaktari katika Chuo Kikuu cha Oxford, wakati ambapo wanawake katika taaluma hiyo walikuwa wa kuhesabika. Mnamo 1929 alitumwa Gold Coast, nchi iitwayo Ghana leo. Serikali ya kikoloni ilimlipa mshahara mdogo kuliko wa madaktari wanaume.

Huko Accra alikutana na watoto wa umri wa mwaka mmoja hadi minne waliovimba miguu na mikono, ngozi zao zikibambuka, na ambao wengi wao walikufa. Vitabu alivyosomea Uingereza havikumweleza ugonjwa huo. Ndipo alipofanya jambo ambalo wasomi wengi wa enzi yake wasingelifikiria: aliwauliza wanawake wa pale wauitaje. Wakamwambia kwashiorkor, yaani ugonjwa umpatao mtoto aliyeondolewa nafasi yake na mdogo wake anayezaliwa.

Tazama, msomaji, jinsi jina lilivyobeba maelezo. Mama akipata mimba nyingine, mtoto wa kwanza huachishwa ziwa na kubakia na uji wa mahindi, chakula kisichotosheleza mahitaji ya mwili unaokua. Williams alichapisha uchunguzi wake mwaka wa 1933, na mnamo 1935 akalitumia jina lenyewe la Kiga katika jarida la The Lancet. Alipingwa vikali. Walikuwapo mabingwa walioshikilia kwamba hiyo ilikuwa pelagra tu, maradhi yaliyokwisha kujulikana. Baadaye ulimwengu ulikubali kwamba ni ugonjwa wa peke yake, ingawa hadi leo wataalamu wanaendelea kujadiliana kuhusu chanzo chake kamili.

Mwaka wa 1936 alihamishiwa Malaya. Huko aliona watoto wachanga wakidhoofika na kufa kwa kunyweshwa maziwa ya kopo yenye sukari, ambayo wauzaji waliyasifu kuwa yanafaa kuliko ya mama. Mnamo 1939 alisimama mbele ya wakubwa wa Singapore na kutamka wazi kwamba biashara ile ni mauaji. Vita vilipozuka alifungwa na Wajapani katika gereza la Changi, akanusurika akiwa na madhara ya ugonjwa wa beriberi. Mnamo 1948 akawa mkuu wa kwanza wa kitengo cha afya ya mama na mtoto katika Shirika la Afya Duniani. Alifariki mwaka wa 1992, akiwa na umri wa miaka 98.

Sisi Waswahili nasi tuna neno letu: kubemenda. Wazazi husemwa wamembemenda mtoto pale anapodhoofika kwa sababu mama yake ameshika mimba angali akimnyonyesha, au kwa kuwa wamevunja mwiko wa unyumba. Neno hili, kama lile la Kiga, liliona uhusiano kati ya mimba mpya na afya ya mtoto aliyetangulia. Lakini lilitwika lawama mwenendo wa wazazi badala ya sahani ya mtoto. Hivyo si kila neno la jadi ni sayansi. Hata hivyo, kila neno la jadi ni ushahidi wa watu waliotazama kwa makini, na ushahidi haufai kutupwa kabla ya kusikilizwa.

Hapa ndipo ninapoingiwa na wasiwasi. Wauguzi na madaktari wetu husomeshwa kwa Kiingereza, kisha hutumwa kuwahudumia akina mama ambao huyaeleza maradhi ya watoto wao kwa Kiswahili, Kiluo, Kikamba au Kipokomo. Mama akitaja jina asilolijua mtaalamu, mara nyingi huchukuliwa kuwa hajui asemalo. Ningependa kila chuo cha wauguzi kiwafundishe wanafunzi wake kuyaandika majina hayo na kuuliza maana zake. Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Williams aliuliza, na jibu alilopewa na wanawake wa Accra limo katika vitabu vya tiba vya dunia nzima.