Charles Eliot: Kamishna aliyechunguza konokono wa bahari

KAMPALA. Basi litokalo Kampala kwenda Nairobi husimama mpakani Busia au Malaba. Kabla ya mwaka 1902, msafiri angeweza kufika Kisumu, na hata Naivasha, akiwa bado ndani ya Uganda. Mwaka huo Uingereza iliumega Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya jirani, Kenya ya leo. Aliyeupokea ni kamishna wa himaya hiyo, Sir Charles Eliot.

Eliot alizaliwa Uingereza mwaka 1862. Alikuwa mwanadiplomasia aliyejua lugha nyingi, lakini pia alikuwa bingwa wa konokono wa bahari wasio na gamba. Wengi wa viumbe hao ni wadogo kuliko kidole, na rangi zao kali huwaonya samaki kwamba hawaliki. Zanzibar na pwani ya Kenya zilimpa mali tele ya kuchunguza, nyingine ikikusanywa na mwanasayansi Cyril Crossland.

Kazi hiyo ilidai subira. Konokono akitiwa katika spiriti hupoteza rangi, hivyo madoa na mistari yake huandikwa angali hai. Hata hivyo rangi peke yake hudanganya, kwani spishi mbili zaweza kufanana mgongoni. Ndiyo maana Eliot aliwapasua na kuchunguza meno madogo ya ulimi wao. Mwaka 1904 alitoa jina la Chromodoris africana, mweusi mwenye mistari meupe na ukingo wa njano, na Halgerda wasinensis, kutokana na kisiwa cha Wasini, kusini mwa Mombasa. Majina hayo yanatumika hadi leo.

Katika suala la ardhi subira hiyo haikuonekana. Malisho ya Wamaasai aliyaona kama ardhi isiyotumika, akataka nyanda za juu wapewe walowezi wa Kizungu. Alijiuzulu mwaka 1904, baada ya London kumzuia kuwagawia ardhi waombaji wawili huku kampuni moja ikiahidiwa eneo kubwa. Mwaka huohuo, chini ya mrithi wake, Wamaasai walihamishwa kutoka Bonde la Ufa kwa mkataba.

Baadaye Eliot aliongoza vyuo vikuu vya Sheffield na Hong Kong, kisha akawa balozi nchini Japani. Alifariki melini mwaka 1931 na kuzikwa baharini. Mpaka wa 1902 haukurudi ulikokuwa, na madai ya Wamaasai kuhusu ardhi yao bado yanasikika.