Marehemu Sir Tharia Topan na Nyumba ya Dawa ya Unguja

Marehemu Tharia Topan alizaliwa Kutch, Bara Hindi, mwaka 1823, katika jamaa ya Makhoja Waismaili. Alifika Unguja angali mtoto, akapanda daraja katika biashara hata akawa tajiri mkubwa, na zama za Sayyid Barghash akashika forodha. Ndiye aliyemkopesha Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, bidhaa za safari za Manyema kutafuta pembe. Misafara ile ilikuwa na dhuluma zake, wala haifai kuficha.

Mwaka 1887, Malkia Victoria alipotimiza miaka 50 ya utawala, Tharia aliweka jiwe la msingi la hospitali ya maskini, pwani ya Mji Mkongwe. Akapewa cheo cha Sir, kisha mwaka 1891 akafariki Bombay, jengo halijakwisha. Mjane wake, Bibi Janbai, hakuliacha. Mwaka 1894 likakamilika, lina roshani za mbao zilizonakshiwa vizuri mno kwa ufundi wa Kihindi.

Lakini hospitali ile haikuwa. Mwaka 1900 jengo likanunuliwa kwa mali ya Haji Nasser Nurmohamed, tajiri mwingine wa Kihindi. Chini ikatolewa dawa kwa sadaka, juu wakakaa wapangaji. Ndipo maskini walipopata walichokusudiwa, ingawa kwa mkono mwingine.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 dawa zikakoma, na mbao zikaoza hata miaka ya 1990, taasisi ya Aga Khan ilipolitengeneza. Watu wangali wakiliita Dispensari.