Columba, Mtetezi wa Malenga

Wengi wetu tumesoma habari za wafalme na majemadari wa Ulaya, bali Columba wa Ayalandi hatumjui sana. Nimeona vema niwasimulie maisha yake kwa ufupi.

Columba alizaliwa kaskazini ya Ayalandi yapata mwaka 521, katika ukoo wa kifalme, lakini alichagua utawa. Mwaka 563 alivuka bahari pamoja na wenzake 12, akajenga monasteri katika kisiwa kidogo cha Iona, pwani ya Skotlandi.

Siku zile malenga wa Ayalandi waliheshimiwa na kuogopwa. Walijifunza miaka mingi, wakihifadhi moyoni nasaba na hadithi za kale. Watu waliamini kwamba malenga huona mambo yaliyofichika, na kwamba beti zake za kashifa zaweza kumtoa mtu malengelenge usoni. Heshima hiyo iliwalevya. Walitembea makundi makubwa wakidai karamu na zawadi, hata wenyeji wakachoka.

Mapokeo yasema kwamba katika baraza la Druim Cett Mfalme Áed alikusudia kuwafukuza wote. Columba akaja kutoka Iona, akawatetea. Alishauri wapunguzwe idadi na madai yao, lakini wasifukuzwe. Mfalme akakubali, na elimu yao ikaokoka.

Mimi nastaajabu sana kwa jambo hili, kwani Columba naye alisifiwa kwa kutabiri. Adomnán, mkuu wa tisa wa monasteri ya Iona, aliandika maisha yake miaka 100 hivi baada ya kifo chake, na sehemu ya kwanza ya kitabu hicho yahusu utabiri wake. Mtu kama huyo angaliweza kuwaona malenga wa desturi za kale kuwa wapinzani wake, akanyamaza wafukuzwe. Hakufanya hivyo.

Adomnán asimulia kwamba Columba alijua siku yake imefika. Alikuwa akinakili Zaburi. Akaweka kalamu chini, akaagiza Baithéne aendelee. Usiku ule, kuamkia tarehe 9 Juni 597, alifariki.

Ndipo malenga Dallán Forgaill, ambaye jina lake maana yake ni kipofu mdogo, akamtungia shairi la maombolezo. Shairi hilo lipo hata leo, nalo ni miongoni mwa mashairi ya kale kabisa ya Kiayalandi. Aliyeokoa kumbukumbu za wengine hakusahauliwa. Hakika, wema hauozi.