Abati Suger: Mtawa aliyefungulia nuru milango ya kanisa

MAKANISA makuu ya Ulaya yenye matao yaliyochongoka na madirisha marefu ya vioo vya rangi hutembelewa na mamilioni ya watu kila mwaka. Hata hivyo, ni wachache wanaofahamu kuwa mtindo huo wa ujenzi, uitwao Kigothi, ulichipuka katika kanisa moja lililoko kaskazini mwa Paris, chini ya uongozi wa mtawa aliyeitwa Suger.

Suger alizaliwa mwaka wa 1081 hivi katika familia isiyokuwa na jina kubwa. Alipokuwa na umri wa miaka 10 hivi, wazazi wake walimtoa kwa abasia ya Saint-Denis alelewe na watawa wa Mtakatifu Benedikto. Tangu siku hiyo, abasia hiyo ikawa mama yake na baba yake, naye akaishi akiilipa fadhila.

Saint-Denis haikuwa monasteri ya kawaida. Wafalme wengi wa Ufaransa walizikwa humo, na waumini walifika kwa wingi kuyaheshimu masalia ya Mtakatifu Denis, askofu wa kwanza wa Paris aliyeuawa kwa ajili ya imani yake.

Suger hakuwa mtawa wa kujifungia chumbani. Angali kijana alikabidhiwa usimamizi wa mali ya abasia huko Berneval, Normandy, kisha Toury, ambako alikabiliana na makabaila waliokuwa wakiwapora wakulima. Mfalme Louis VI alimwamini, akamtuma kwa Papa kama mjumbe. Mwaka wa 1122, akiwa njiani kutoka Italia, alipata habari kwamba watawa wenzake walikuwa wamemchagua kuwa abati, yaani mkuu wa monasteri. Mfalme alighadhibika kwa kuwa hakushirikishwa, lakini hatimaye akaridhia.

Wakati huo sauti kali ilikuwa ikisikika katika Kanisa la Ufaransa. Bernard wa Clairvaux, mtawa aliyefuata maisha ya ukali na ufukara, aliwashutumu watawa waliopamba makanisa kwa dhahabu ilhali maskini walikosa chakula. Kwake yeye, urembo huo ulikuwa ubatili uliowapotezea watawa utulivu wa sala.

Suger aliisikia sauti hiyo, ila aliitii nusu tu. Kufikia mwaka wa 1127 alikuwa ameacha fahari ya misafara yake na kurejesha nidhamu katika abasia, hata Bernard mwenyewe akamwandikia kumpongeza. Yeye binafsi aliishi katika chumba kidogo. Lakini kuhusu nyumba ya Mungu hakukubali. Aliamini kuwa ikiwa dhahabu na vito ndivyo vitu vya thamani zaidi alivyo navyo binadamu, basi madhabahu ndipo mahali pake.

Kuna kisa alichokisimulia mwenyewe. Alipokuwa akitafuta vito vya kupambia msalaba mkubwa wa dhahabu, walimjia watawa wa abasia tatu, mbili kati yake za shirika lile lile la Bernard, wakiuza vito walivyopewa kama sadaka. Suger akavinunua kwa pauni 400, akimshukuru Mungu kwa bei hiyo nafuu.

Alikuwa na sababu nyingine ya kujenga. Kanisa la kale, lililowekwa wakfu mwaka wa 775, lilikuwa dogo mno. Suger alieleza kwamba siku za sikukuu umati ulibanana hata mtu asiweze kusogeza mguu. Wanawake walilia kwa kukanyagwa, na watawa waliokuwa wakionyesha masalia walilazimika kutorokea madirishani.

Ujenzi ulianza upande wa magharibi, ambako yalijengwa malango matatu na dirisha la mviringo juu yake. Sehemu hiyo iliwekwa wakfu Juni 9, 1140. Mwezi uliofuata, Julai 14, jiwe la msingi la sehemu mpya ya madhabahu liliwekwa upande wa mashariki.

Hapo ndipo jambo geni lilipoonekana. Makanisa ya awali yalikuwa na matao ya nusu duara na kuta nene zenye madirisha madogo, kwa kuwa dari la mawe huzisukuma kuta zianguke nje. Mafundi wa Suger walitumia matao yaliyochongoka, ambayo huelekeza uzito chini zaidi. Chini ya dari walijenga mbavu za mawe, mfano wa mbavu za mwavuli, zilizoukusanya uzito huo na kuupeleka kwenye nguzo nyembamba. Ukuta ulipotuliwa mzigo, ukaweza kutobolewa madirisha mapana.

Tao lililochongoka lilikuwa likijulikana katika nchi za Kiislamu na katika jimbo la Burgundy, nazo mbavu zilikuwa zimejengwa Durham, Uingereza. Jipya lilikuwa kuviunganisha viwili hivyo kwa shabaha moja, nayo ni kuingiza nuru.

Kwa Suger, nuru hiyo ilikuwa fundisho. Aliamini kwamba macho yanapovutwa na mwanga wa vioo na vito, akili hupanda hatua kwa hatua hadi kwenye nuru ya kweli, ambayo ni Mungu. Alizitaja nguzo 12 za ndani kuwa mfano wa mitume, na nyingine 12 kuwa mfano wa manabii. Dirisha moja lilionyesha ukoo wa Kristo kwa mfano wa mti unaochipuka kutoka kwa Yese, baba yake Daudi.

Mawazo ya aina hiyo yalipatikana katika maandishi ya Kigiriki yaliyohifadhiwa katika abasia hiyo. Watawa waliamini yaliandikwa na mtakatifu wao Denis, wakimdhania kuwa yule Dionisio Mwareopago aliyeongoka kwa mahubiri ya Mtume Paulo kule Athene. Mwanafalsafa Abelard, aliyekuwa mtawa humo, alipotilia shaka jambo hilo mwaka wa 1121, alilazimika kutoroka. Leo wasomi wanakubaliana kuwa hao walikuwa watu tofauti, na kwamba maandishi hayo ni ya karne ya tano au ya sita.

Sehemu ya madhabahu ilikamilika kwa miaka mitatu na miezi mitatu. Iliwekwa wakfu Juni 11, 1144, mbele ya Mfalme Louis VII, Malkia Eleanor na maaskofu wengi, akiwemo Askofu Mkuu wa Canterbury. Haikupita miaka mingi kabla ya miji mingine kufuata. Ujenzi wa Notre-Dame ya Paris ulianza mwaka wa 1163. Chartres ilijengwa upya baada ya moto wa mwaka wa 1194. Canterbury nayo, ilipoteketea mwaka wa 1174, ilimwita fundi Mfaransa, William wa Sens.

Kupitia Waingereza, mtindo huo ulifika hata Kenya karne nyingi baadaye. Kanisa Kuu la All Saints jijini Nairobi, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka wa 1917, lilichorwa na Temple Moore kwa kufuata mtindo wa Kigothi.

Suger hakuyaona hayo. Kuanzia 1147 hadi 1149 aliusimamia ufalme wa Ufaransa wakati Louis VII alipokwenda Vita vya Msalaba, akamrudishia nchi ikiwa salama. Alifariki Januari 13, 1151, akiwa na umri wa miaka 70 hivi.

Sehemu ya juu ya madhabahu yake ilijengwa upya kuanzia mwaka wa 1231, na makaburi ya wafalme yalifukuliwa mwaka wa 1793 wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Lakini njia ya kuzunguka madhabahu, pamoja na nguzo zake, ingaliko. Katika dirisha mojawapo Suger amechorwa akiwa amesujudu miguuni pa Bikira Maria, jina lake likiwa limeandikwa kando. Jina la fundi aliyebuni matao hayo hakuliandika popote, na hadi leo halijulikani.